Niachieni Debe Langu Tupu

Usiku mmoja mdogo wangu aliingia chumbani akanikuta gizani, simu kifuani, macho mekundu. Akasikiliza kidogo. "Kaka, huyo anayeimba ni mtu au ni debe?" Nikamwambia si mtu. Akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe unalizwa na programu ya kompyuta!"

Ndiyo. Na haikuwa mara ya kwanza.

Sauti ilikuwa ya Kagamine Rin, na wimbo ni Kokoro wa mwaka 2008. Neno hilo kwa Kijapani ni moyo. Mwanasayansi mpweke anaunda roboti wa kike na kumkamilisha kila kitu isipokuwa moyo. Yeye anakufa, miaka mamia inapita, roboti amebaki peke yake. Siku moja anauwasha ule moyo ambao aliyemuunda aliuhangaikia hadi kufa. Furaha na huzuni zinamwingia kwa mpigo mmoja, na mwili wake haukuundwa kubeba mzigo huo. Mpe mwimbaji yeyote hodari wimbo huu, ataigiza uroboti. Rin haigizi, ndiye mwenyewe.

Kwa asiyezijua sauti hizi: Vocaloid ni programu ya Yamaha ya kuiimbisha kompyuta, iliyoingia sokoni mwaka 2004. Tarehe 31 Agosti 2007, kampuni ya Crypton Future Media ya mjini Sapporo ikaitolea sauti iliyoitwa Hatsune Miku, msichana wa kuchorwa mwenye miaka 16 na nywele za feruzi zinazokaribia kuburura chini. Rin na mwenzake wa kiume, Len, walifuata kabla ya mwaka kwisha, na sauti nyingine, Megurine Luka, mwaka 2009. Nyuma ya Miku yupo mwigizaji wa sauti, Saki Fujita, lakini si yeye anayeziimba nyimbo hizi. Alirekodiwa akitamka mifuatano ya silabi isiyo na maana, ikakatwa vipande vipande, na programu huviunga upya kufuata noti na maneno ya mtunzi. Sauti ya mwanadamu imo. Huzuni yake haimo.

Huzuni inatoka kwa yule aliyekesha na kipanya mkononi. Programu ikiachwa ilivyo huimba kama karani anayesoma majina ya wapiga kura. Mtunzi ndiye anayeichelewesha noti hii kidogo, anayeitetemesha ile, anayeongeza hewa ili neno lisikike kama mnong'ono. Hata pumzi anazipachika yeye, maana Miku hana mapafu. Ukimwacha ataimba dakika nzima bila kuvuta hewa. Wajapani kazi hii waliiita chōkyō, neno linalotumika pia kwa kumfunza mnyama (mimi silipendi, lakini sikuulizwa). Mwaka 2010 Crypton ilitoa nyongeza ya Miku yenye sauti sita, mojawapo laini, nyingine nzito ya giza, na nyimbo za taratibu zikapata koo jipya.

Kwa hiyo ukisikia neno la mwisho likikatika kama la mtu aliyemeza kilio, ujue kuna aliyelikata makusudi. Huenda ni kijana asiyethubutu kuonyesha uso wake, aliyejificha nyuma ya lakabu. Kenshi Yonezu, ambaye leo ni mmoja wa wanamuziki wakubwa Japani, alianza hivyo hivyo mwaka 2009 kwa jina la Hachi. Mambo ambayo kijana wa namna hiyo asingeweza kuyasema mbele ya mtu, anamtwika msichana asiyekuwepo.

Aliyekulia karibu na taarabu hatashangaa. Mmoja anatunga, mwingine anaimba, na anayeinuka na noti mkononi kwenda kutunza ndiye mwenye wimbo usiku ule. Ukumbini wote wanajua umemchoma, au kuna mtu anataka umchome. Nyimbo za Miku zilipata ukumbi wake Niconico, tovuti ya video iliyoanza mwaka 2006, ambako maneno ya watazamaji hupita juu ya picha yenyewe. Wimbo ukiisha, skrini inajaa 8888. Nane kwa Kijapani ni hachi, na makofi yao hulia pachi pachi. Mara ya kwanza kuelewa hilo nilikuwa peke yangu chumbani, nikajiona nimekaa kati ya watu. Wimbo mmoja wa Miku wa mwaka 2008, Sakura no Ame, ulitoka huko ukaishia midomoni mwa wanafunzi wa kweli wanaoagana kwenye mahafali.

Waswahili husema debe tupu haliachi kuvuma, nasi husema kwa kebehi. Mimi kwa sauti hizi nalichukua kuwa sifa. Mwimbaji mwenye mwili ana talaka zake na madeni yake. Akilia, sehemu ya akili yangu inamlilia yeye. Miku hana msiba wowote, kwa hiyo wangu unaenea wote.

Ndiyo maana maendeleo ya karibuni yananikera. Mwaka 2019 shirika la utangazaji la NHK na Yamaha walitumia akili bandia kumfanya Misora Hibari, malkia wa nyimbo za Japani aliyefariki mwaka 1989, aimbe wimbo mpya. Ukasikika hadi katika tamasha la mkesha wa mwaka mpya, na katikati yake sauti ile inasema na wasikilizaji kana kwamba imerudi kutoka safari. Wapo waliolia. Mwanamuziki Tatsuro Yamashita aliita jambo hilo kufuru, nami niko upande wake. Rin hakuibwa kaburini kwa mtu.

Sauti za kubuni nazo zimeingia njia hiyo. Vocaloid 6 ya mwaka 2022 inatumia akili bandia, Synthesizer V, programu nyingine ya aina hiyo, ilishatangulia, na matokeo ni kwamba mashine inajipangia pumzi na mtetemo yenyewe. Kwa mtunzi ni nafuu kubwa, simlaumu. Ila kile kilichokuwa kinaniliza ni mkono wa mtu unaohangaika na chombo kisichotaka kutii, na mkono huo sasa unasikika kwa shida.

Wiki iliyopita niliweka wimbo mmoja wa zamani ulioimbwa upya kwa sauti ya kisasa. Kila pumzi mahali pake, kila neno limenyooka. Mdogo wangu alikuwepo, akasema, "Huyu sasa ni mtu." Nikamkubalia, nikauzima, nikarudi kwenye ule wa awali, wenye konsonanti zinazogongana na silabi moja karibu na mwisho ambayo inakwama kila mara. Nikaongeza sauti kidogo, nikaisubiri.