Kinachouza si milio ya risasi

Kuna mwandishi anayedai riwaya za njama za kisiasa zinanunuliwa Kisumu kwa sababu ya milio ya risasi. Hapana bwana. Msomaji wa huku amekulia kwenye kisa cha Robert Ouko: waziri wa mambo ya nje wa Kenya, alitoweka nyumbani kwake Koru Februari 1990, mwili ukapatikana kwenye kilima cha Got Alila. Wapelelezi wa Scotland Yard wakaja kutoka Uingereza, tume ya uchunguzi ya Jaji Gicheru ikavunjwa 1991 kabla ya kumaliza kazi. Riwaya angalau humtaja aliyeagiza mauaji. Nyingi huharibika pale kila mhusika anapokuwa mla njama. Siri ya watu arobaini haikai hata wiki! Wanatosha watatu, pamoja na karani anayegundua kwamba tarehe ya risiti ya petroli haioani na ya kitabu cha wageni.