Taa ya Kiti Izimwe au Iwashwe Wakati wa Kuskani Meno?

Daktari wa meno anayetumia skana ya mdomoni, badala ya kumng'atisha mgonjwa ute mzito wa kuchukulia umbo la meno, ana uamuzi ambao zamani haukumhusu, nao ni kiasi cha mwanga anachopaswa kuacha chumbani. Skana humulika jino kwa mwanga wake yenyewe, kisha husoma mwanga unaorudi ili kujenga umbo la jino kwenye kompyuta. Mwanga wa nje ukizidi huchanganyika na ule wa skana, hasa pale ambapo jino limelowa mate na linang'aa. Kwa hiyo wanaotaka taa zizimwe wana hoja yenye mashiko, tena inayoungwa mkono na ukweli kwamba mwongozo wa Ulaya wa EN 12464-1, unaotaka laksi (kipimo cha kiasi cha mwanga unaofika mahali) 500 chumbani, 1,000 alipo mgonjwa na 5,000 ndani ya kinywa, uliwekwa kwa ajili ya macho ya daktari wala si kwa ajili ya skana.

Hata hivyo, vipimo havikuipa giza ushindi. Mwaka 2020 mtafiti wa meno Marta Revilla-León na wenzake walilinganisha skana tatu katika hali nne: taa ya kiti, yaani ile inayomulika kinywa cha mgonjwa, yenye laksi 10,000, taa za chumba zenye laksi 1,003, mwanga wa asili wa laksi 500, na giza kamili. CEREC Omnicam ilipima vizuri zaidi gizani, TRIOS 3 chini ya taa za chumba, na iTero Element chini ya taa za chumba au hata taa ya kiti, ambayo wengi wangeiondoa kwanza. Kwa maoni yangu, matokeo haya yanatosha kuuondoa ushauri wa jumla wa kuzima kila kitu, ambao bado hutolewa kana kwamba skana zote ni moja.

Wanaoliona suala hili kuwa dogo nao wasipuuzwe. Majaribio hayo yalifanywa kwa meno ya sanamu, ilhali katika kinywa halisi kuna shavu linaloziba mwanga, ulimi usiotulia, mate na damu, na mkono wa daktari unaoweza kuvuruga kazi kuliko taa yoyote. Isitoshe, gizani msaidizi haoni vizuri mate ya kufyonza. Kwa kofia ya jino moja, ambapo pengo kati ya ukingo wa kofia na jino la hadi mikromita 120 (milimita 0.12) limezoeleka kukubalika, simlaumu daktari anayeacha taa za dari zikiwaka. Taya zima ni jambo jingine, kwa sababu skana huunganisha picha ndogo ndogo moja baada ya nyingine na kosa dogo la kila kiungo hujilimbikiza hadi upande wa pili. Fremu ya kushikilia meno bandia juu ya vipandikizi (nguzo zilizopandikizwa kwenye mfupa wa taya) iliyotengenezwa kwa vipimo hivyo inaweza kukataa kukaa.

Ningeanza kwa kuigeuza taa ya kiti pembeni na kuacha za dari, kisha nifuate maelekezo ya skana husika. Watengenezaji nao waandike kiwango cha laksi ambacho kila kifaa kilipimiwa, na kliniki zidai taarifa hiyo kabla ya kulipia, kwa maana kipima mwanga ni cha bei nafuu mno kikilinganishwa na skana yenyewe.