Mchawi wa Kitabuni na Mchawi wa Jirani

Daftari lilirudi na wino mwekundu. Kijana mmoja wa kwaya huko Kimara, Dar es Salaam, alikuwa ameandika hadithi ya binti muuza samaki wa soko la Feri aliyenunua kolekole, kolekole akafumbua mdomo akasema, kisha akamwonyesha njia ya mji ulio chini ya bahari. Huko anatawala mfalme mwenye makovu viganjani, na mchawi anaunyemelea ufalme wake. Kijana alimpa mama anayefundisha Shule ya Jumapili aisome. Kila palipo na neno "mchawi" mama alipiga mistari miwili, na juu ya ukurasa wa kwanza akaandika: Kumbukumbu la Torati 18:10.

Aya hiyo inakataza kutazama bao, kubashiri na usihiri. Sisi wapenzi wa hadithi za maajabu huwa tunaicheka hoja hii upesi. Mimi siicheki. Mwandishi Mkristo C. S. Lewis alipotoa hadithi yake ya kwanza ya Narnia, nchi ya maajabu inayosumbuliwa na mchawi, mwaka 1950, kwa wasomaji wengi wa Uingereza mchawi alikuwa mtu wa vitabuni. Dar mchawi anaweza kuwa mpangaji mwenzako. Tangazo la mganga limebandikwa kwenye nguzo ya umeme pale kituoni, na kwenye mikesha watu wanakemea majini hadi sauti zinakauka. Mtoto akisoma kwamba kuna uchawi mbaya na uchawi mzuri, nani atamwekea mpaka? Kila mganga husema wake ndio mzuri.

Ninapoachana na mama ni pale anapodhani kulitaja jambo ni kulisifu. Kwenye Waamuzi 9 miti inatafuta mfalme: mzeituni unakataa, mtini unakataa, mzabibu unakataa, mti wa miiba unakubali. Sijasikia mhubiri akimkemea Yothamu, msimulizi wa hadithi hiyo, kwa kusemesha miti. Na Shaaban Robert, Mwislamu, katika Adili na Nduguze aliwageuza ndugu wawili wenye husuda kuwa manyani. Msomaji anatoka akiiogopa husuda. Hatoki akitafuta jini.

Kwa hiyo mchawi wa daftari lile hanisumbui sana. Anayenisumbua ni mfalme. Ukurasa wa tatu tu umeshamjua ni nani. Kila akifungua kinywa inatoka aya, na binti hana kazi ila kuitikia amina. Mwandishi Tolkien, Mkatoliki wa kweli, hakupenda istiari za namna hiyo, na katika hadithi yake kubwa, The Lord of the Rings, inayohusu pete ya uovu, hamna kanisa wala padri. Imani inaonekana kwa nani anahurumiwa na nani anashindwa kuachia pete. Lewis alikuwa wazi zaidi, lakini hata simba wake anakufa kwa ajili ya mtoto msaliti, na kifo kile kinauma. (Simba mwenyewe asihamishiwe huku. Anatoka moja kwa moja kwenye Ufunuo 5:5, sawa, ila mtoto wa shabiki wa Yanga hatafika ukurasa wa pili.)

Nilimwambia kijana abaki na kolekole, afute makovu, na mchawi asimpe uchawi wowote wa kurusha moto. Ampe kile waganga wanachouza kweli: jibu la haraka. Mama wa binti anaumwa, mchawi ana dawa, mfalme anasema subiri. Binti afanye nini?

Alikaa kimya, kisha akauliza kama toleo jipya nalo alipeleke kwa mama. Nikamwambia alipeleke kwake kwanza, kabla yangu.