Jini la Inchi Nne

Simu iliita saa nane usiku. Alikuwa mzee mlinzi wa tangi letu jipya la maji, katika kijiji kimoja chini ya milima ya Uluguru.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, ila salamu baadaye. Humu kwenye chemba kuna mtu anachanganya zege."

Akaisogeza simu kwenye mfuniko. Kweli bwana, kokoto tupu zinasagana kwenye ndoo, halafu GO! Kimya. Kisha kokoto tena. Nikavaa kandambili, nikapiga kiki pikipiki.

Njiani hesabu zangu za kuchagua valvu ya chemba hiyo, inayodhibiti maji ya kuingia tangini, zikaanza kunisuta moja moja. Chanzo kiko mita 60 juu ya kijiji, kwa hiyo maji yakisimama geji ya chini inasoma presha ya karibu bar 6. Mchana kijiji kinataka mita za ujazo 36 kwa saa. Kwa mwendo huo kilomita 3 za bomba la inchi nne zinakula kama bar 5 kwa msuguano, valvu inabakiwa na bar 1. Gawanya 36 kwa kipeuo cha pili cha 1, unapata Kv, yaani uwezo wa valvu kupitisha maji, ya 36. Niliiandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Kisha nikaongeza kidogo, kwa usalama. Bosi naye akaongeza kidogo, kwa sababu ni bosi. Muuza vifaa wa Kariakoo akasema saizi hiyo hana, ila anayo ya inchi nne, "tena itakaa sare na bomba lako". Kv yake 160. Tukamshukuru.

Usiku hakuna aliyeuwaza. Tangi likikaribia kujaa, zinatakiwa mita 4 tu kwa saa. Maji machache hivyo hayapotezi kitu bombani, kwa hiyo zile bar 6 zote zinakuja kumalizikia kwenye valvu. Gawanya 4 kwa kipeuo cha pili cha 6: Kv ya 1.6. Yaani asilimia 1 ya uwezo wake! Ni sawa na kumfungulia sisimizi geti la lori. Valvu inajaribu kuacha upenyo, inazidisha, inajifunga kwa hasira: GO! Na kwenye ule upenyo maji yanapita kasi mno, presha inashuka mpaka yanachemka yakiwa baridi. Mapovu yakija kupasuka mbele ndiyo hizo kokoto.

Nilikuta watu kama ishirini wamezunguka chemba, bibi mmoja keshaanza kufukiza ubani. Nikakohoa kisomi.

"Ndugu zangu, hakuna jini hapa. Ni presha tu."

Nikashuka ngazi, tochi mdomoni, nikaweka kiganja juu ya valvu kama daktari anayempima mgonjwa homa.

GO!

Kupanda ngazi sikukumbuki. Nakumbuka kuwapita wale watu wote, bibi na ubani wake, na sauti ya mzee mlinzi nyuma yangu: "Kumbe presha nayo inakimbiwa!"

Baadaye tulifunga valvu ndogo ya inchi moja pembeni, ya zamu ya usiku, yenye vijitundu vinavyoshusha presha hatua kwa hatua. Ile kubwa sasa inafanya kazi mchana tu. Kokoto zimenyamaza.

Kandambili yangu moja ilibaki chemba. Nilipoifuata nikaikuta imening'inizwa kwa waya juu ya mfuniko, na mzee hataki iguswe. Anasema tangu aitundike, jini halijarudi.