Fidia ya nane iliyolala

Saa kumi na moja na robo alfajiri simu inaita. Mbeya hii ya mwezi wa saba unaijua mwenyewe, mkono ukitoka nje ya blanketi saa hizo unarudi hauna habari na wewe. Napokea najua ni msiba.

"Kijana, umeamkaje? Vile vipimo vimetoka?"

Vipimo. Hii ni mara ya nne tangu Jumamosi, na anapiga saa hizo kwa sababu ana kifurushi cha usiku anataka akimalize kabla hakijakata, mzee wa watu hana kosa hata moja, kosa ni langu mimi na lenzi.

Ngoja nieleze maana nikimweleza mke wangu anacheka kabla sijafika katikati. Mimi ni mpiga picha. Sio wa kubahatisha, mpiga picha mwenye stempu. Hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa mpaka Soweto, ukiona pasipoti saizi ambayo masikio yote mawili yanaonekana jua hiyo ni kazi yangu, na sendofu, na kipaimara, na mahafali ya chekechea ambako watoto wanalia wakiwa na majoho. Sasa mtu wa hadhi hii anafika umri anataka sanaa. Anataka ndege, anataka mtumbwi unapita kwenye jua. Na lenzi ndefu za kisasa ukiuliza bei muuzaji anakuangalia viatu kwanza.

Ndiyo jamaa mmoja wa mitumba akanitolea kwenye boksi la redio mbovu lenzi ya Pentacon, milimita 200, f/4, chuma kitupu, imechongwa maandishi Made in G.D.R. Ujerumani Mashariki hiyo. Nchi yenyewe ilishafutwa 1990, sasa ikisumbua malalamiko unapeleka ubalozi gani? Nikalipa laki kasoro kidogo, adapta ya kuifunga kwenye Canon yangu nikaagizia Dar, nyumbani nikasema nimeazima.

Hii lenzi ni manyuo kama lori la zamani. Ukiifunga, kamera inaandika 00, maana yake haitambui kama mbele yake kuna kitu, inaona tundu. Mwanga unapunguza mwenyewe kwa kuzungusha pete, fokasi unazungusha mwenyewe, na grisi ya fokasi imeganda tangu enzi hizo, unaizungusha kama unafungua kopo la siagi ya karanga lililofungwa na mtu mwenye hasira. Halafu lenzi zenyewe zinaingia kwenye kamera kwa skrubu, milimita 42, kama balbu. Umeshaliona tatizo? Fokasi ngumu, skrubu laini. Ukizungusha upande ule mmoja inayozunguka ni lenzi nzima, inafunguka polepole, wewe jicho limo ndani unaona picha inazidi kuwa uji, unaongeza nguvu, ghafla lenzi iko mkononi na kamera inaning'inia shingoni.

Nikasema isiwe tabu, twende Matema, wilayani Kyela, kwenye Ziwa Nyasa. Jumamosi pale Lyulilo kuna gulio la vyungu, Wakisi wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, nyuma yao milima ya Livingstone imesimama moja kwa moja kutoka majini, picha hiyo hata kipofu anaipiga. Kosta kutoka Uyole sina la kusema, Tukuyu mvua kama kawaida yake, mkungu wa ndizi ulikaa kwenye paja langu mpaka Ipinda na hakuna aliyeuuliza nauli.

Nafika, nafungua begi, lenzi imeloa. Sio mvua, jasho. Sisi huku tuko kama mita 1,700 juu, ziwa liko chini ya mita 500, chuma kimelala kwenye baridi yetu kinatolewa ghafla kwenye joto la Kyela, kioo chote kikawa kama dirisha la kosta la asubuhi. Nikakaa nusu saa nasubiri kikauke. Ndani ya hiyo nusu saa mitumbwi yote ya vyungu ikawa imeshashusha. Nikawafuata akina mama walipopanga vyungu, mmoja akanikata jicho akasema kwanza nunua chungu. Nikanunua chungu.

Basi nikatembea ufukweni na chungu changu mpaka kuna mti mkavu na juu yake ndege, kichwa cheupe, kifua cheupe, nikajua furukombe huyo, leo ndiyo leo. Sasa kwenye kamera yangu picha inabanwa, zile milimita 200 zinavuta kama 320, na kwa 320 ukivuta pumzi tu furukombe anahamia mti mwingine, kwahiyo nikatoa traipodi. Nikaisimamisha mchangani miguu mitatu, nikafunga mtambo, nikafumba jicho moja.

Jamani, kama una akili timamu usisimamishe kitu cha miguu mitatu kijijini bila kutoa taarifa.

"Habari za kazi."

Nageuka, mzee. Kofia ya sufi, koti la suti, kaptura. Shikamoo mzee wangu. Marahaba. Akazunguka traipodi taratibu kama anakagua ng'ombe wa mahari.

"Mnapima mpaka wapi safari hii?"

Hapana mzee, napiga ndege. Akaangalia juu, akaniangalia mimi. "Ndege." Ndiyo mzee. "Umetoka Mbeya mjini na chuma hiki, na nauli, kuja kupiga ndege." Nikaona kabisa jinsi sentensi yangu ilivyokuwa ya kijinga. Akageuka akaita kwa Kinyakyusa, sikushika yote, nilishika neno moja tu la Kiswahili katikati, fidia.

Wakaja. Mama mmoja na beseni la usipa, vijana wawili waliokuwa wanashona nyavu, bibi na mkongojo, na watoto wale wasioitwa lakini wapo. Mzee akaeleza kwamba safari hii wametuma mmoja ili tusishtuke. Mama akasema kabla hawajaandika chochote waandike migomba yake, akaanza kuhesabu, migomba kumi na saba, mikokoa arobaini, michikichi sita, mwembe mmoja, halafu akarudi kwenye mwembe akasema ule mwembe ni kama miwili.

Nikasema nithibitishe kwa vitendo. Nikajifanya namfokasi yule ndege ili waone. Nikazungusha. Unajua kilichotokea. Lenzi ikatoka yote ikabaki mkononi mwangu.

"Umeivunja," mzee akasema. "Sasa ripoti itasemaje?" Akanyoosha mkono kama mtu anayepokea kuku, na mimi kwa heshima za kijinga tulizolelewa nikampa kwa mikono miwili. Akasoma namba kwenye pete, taratibu, kwa sauti, mkutano mzima unasikiliza: nne, tano nukta sita, nane, kumi na moja, kumi na sita, ishirini na mbili.

"Hizi ni milioni?"

Hapana mzee, huo ni mwanga, ukitaka mwanga mwingi unaweka nne, ukitaka kidogo ishirini na mbili. Kosa kubwa. Mama wa usipa akasema hiyo hiyo ishirini na mbili, sisi mwanga tunao. Kijana mmoja mwenye nyavu akaweka kidole upande mwingine: "Na hii nane iliyolala?" Nikajibu haraka haraka bila kufikiri, hiyo maana yake ni mbali kabisa, haina mwisho.

Kimya. Bibi akauliza imesemwaje. Wakamtafsiria. Bibi akatupa mkongojo akapiga kigelegele. Fidia isiyo na mwisho, ndaga fijo, yaani asante sana, Mungu hajatusahau.

Nilijaribu, Mungu shahidi nilijaribu, lakini mzee kwa wakati huo alikuwa ameinua lenzi mbele ya uso, mkono umenyooka, anaiangalia nyumba yake kupitia kile kioo. Kwa wasiojua, lenzi ya namna hii ukiishika mbali na jicho dunia yote inageuka, inakaa kichwa chini na inakuwa ndogo. Ni fizikia ya darasani tu. Mzee akaganda. Akaishusha, akaangalia nyumba kwa macho yake. Akainua tena.

"Nyumba yangu imepinduliwa," akasema polepole. "Bati liko chini, msingi uko juu. Na imekuwa kama kiberiti." Akanigeukia, na sauti ile nilijua natafutiwa fimbo. "Kumbe ndiyo mnavyotuibia hivi! Mtu ana nyumba ya vyumba vinne, ninyi mnaandika kiberiti!"

Lenzi ikapita mkono kwa mkono. Kila mtu akaona kwake kumepunguzwa. Mama wa usipa migomba yake kumi na saba ameiona mitatu, na yote inaning'inia kwa mizizi. Watoto walitaka kuona ziwa likiwa juu, wakalia liliposhushwa. Nikajieleza kuhusu mwanga kuvukana ndani ya kioo, nikachora mchangani kwa kijiti, nikawa mwalimu, nikawa wakili wa Ujerumani Mashariki, jasho linanitoka, na kila mstari niliochora mzee aliuliza huo ni mpaka wa nani.

Mwishowe nikasema sawa. Nirudishieni. Nyumba ya mzee nitaipiga vizuri, nzima, bati juu, na mzee mwenyewe amesimama mlangoni, mtaona. Akakimbia kubadilisha kaptura. Akatoka na suruali, akasimama mbele ya mlango mikono imenyooka kama yuko gwaride, nikaweka f/8, nikaishikilia lenzi shingo kwa mkono wa kushoto isifunguke, nikazungusha fokasi kwa wa kulia mpaka nikaziona nywele za nyusi. Nikapiga tatu. Akauliza zinatoka lini. Nikamjibu, na hapa ndipo nilipojinyonga kwa mkono wangu, nikasema, "Zikitoka tu mzee wangu nitakupigia, nipe namba."

Yeye amesikia vipimo.

Nimefika nyumbani, nimefungua kompyuta, picha 186. Mitumbwi yote imecheza, mchana ule joto linapanda juu ya maji na ukivuta kwa mbali kila kitu kinatetemeka kama kimepigwa shoti. Furukombe nimemfungua, nimemkuza, ni kunguru. Kunguru wa kawaida mwenye shingo nyeupe, tunao huku jalalani, hana hata nauli ya kumfuata.

Zilizotoka ni tatu tu, za mzee. Na zimetoka, jamani. Uzi wa kofia unauhesabu, ufa wa ukuta unauona unapoanzia, na pembeni ya mlango, kitu ambacho pale sikukiona kabisa kwa sababu nilikuwa nahangaika na skrubu, kuna X nyekundu imefifia na namba chini yake. Jana alivyopiga nikamuuliza hiyo X ni ya nini mzee. Akaniambia kama mtu anayesema habari za mvua, walikuja na miguu mitatu hiyo hiyo, wakapaka, wakaweka bikoni, zile alama za mpaka, wakaandika majina, wakasema tutawapigia. Kwenye picha ya pili kuna mjukuu wake mkubwa anachungulia dirishani, siku wanapaka alikuwa bado ananyonya. Mzee hajaongeza chumba tangu hapo, hajabadilisha bati, maana waliambiwa wasiendeleze.

Nimwambie nini sasa? Nikimwambia mimi sio wao anasema najua, wewe ni kijana tu, wakubwa wako wanasemaje. Nimemwambia mara tatu. Nimemwambia mzee mimi napiga pasipoti! Akasema vizuri, na pasipoti nitahitaji ya kuambatanisha. Yaani kati ya watu wote waliowahi kufika pale na miguu mitatu, anayepokea simu ni mimi peke yangu, saa kumi na moja na robo, kwenye baridi, na ninapokea. Kwa nini napokea? Ofisi yenyewe wangekuwa na akili hiyo. Picha nimezisafisha, nitampelekea, kwa nauli yangu, na mkungu wa ndizi pajani.

Halafu lenzi imeanza kuingiza ukungu kwenye kioo cha nyuma, lile jasho la Kyela. Nikashauriwa niizike kwenye mchele, unavuta unyevu. Na mchele nilikuwa nao, mzee alinipakia kilo tano za Kyela, ndiyo sababu nyingine siwezi kumfungia namba, mtu amekula mchele wa mtu. Nikaumwaga kwenye kile chungu cha Wakisi, nikaizika lenzi katikati, nikafunika sahani, nikaondoka kwenda kupiga kipaimara.

Nimerudi, lenzi iko juu ya kabati imevikwa soksi, chungu kiko jikoni tupu, wageni wa mke wangu kutoka Iringa wako sebuleni wanajilamba. Namuuliza mchele wangu wa lenzi uko wapi. Ananiuliza lenzi ipi, ile ya kuazima? Nikakaa nikapakuliwa. Ulikuwa mtamu, siwezi kusema uongo, unanukia mpaka kwa jirani, ingawa sahani ya mgeni mmoja ilikuwa na kiskrubu kidogo sana na mpaka sasa sijajua kimetoka upande gani wa lenzi.

Simu hiyo. Mzee amebipu. Kifurushi kimekata sasa anabipu! Mtu anadai fidia isiyo na mwisho halafu anambipu anayemdai.