Mtunza kanda za kutisha, mwizi au mlinzi?

Mtwara mjini, ukiweka sanduku la kanda na sidii za zamani, hasa zile filamu za majini na makaburi zisizovuma, utaitwa mtunza takataka au mwizi wa kazi za watu. La takataka tuliache. La wizi lina uzito, kwa sababu wenye masanduku hayo sasa wanahamishia filamu kwenye flashi na kupeana.

Wasanii wana haki ya kulalamika. Mtu anakopa, anarekodi, na wiki haijaisha kazi yake inaonyeshwa kibanda umiza kwa kiingilio asichokiona. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo kwa ajili yake.

Ila tupige hesabu. Sheria hiyo hulinda filamu kwa miaka 50, kwa hiyo iliyotoka 2004 itakuwa huru kunakiliwa baada ya 2054. Nani atakuwa nayo? VCD moja hubeba dakika 74 hivi, ndiyo maana filamu iligawanywa sidii mbili. Ulizia Mikindani au Lindi, utaletewa ya kwanza, ya pili iliazimwa haikurudi. Kanda za VHS ndizo zimeumia zaidi. Inua kile kifuniko cha mbele utazame ukingo wa utepe: utando mweupe, ukungu. Pwani yetu hata chumvi hulowa kwenye kopo, seuze utepe. Na deki za kuzichezea hazitengenezwi tena. Funai wa Japani, watengenezaji wa mwisho, waliacha 2016. Ruhusa itafika, filamu hakuna.

Halafu watu husema picha zenyewe mbovu. Zilipigwa usiku kwa taa moja, kwa kamera ya harusi, kweli. Lakini giza lile ndilo utamu wake: unaona nusu ya mbuyu, unasikia nyayo, mwenye nyayo humwoni. Kamera za leo zinaonyesha kila kitu, hofu inakwisha. (Wanaosema zinafundisha ushirikina, nadhani hawakuzimaliza, mchawi huwa hashindi.)

Mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zote za Nosferatu, filamu ya kutisha ya huko huko, ziteketezwe. Mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa Dracula, alikuwa na haki kisheria, hadithi ya kitabu hicho ilichukuliwa bila idhini. Tunaitazama leo kwa sababu nakala zilikwisha sambaa na hazikupatikana zote.

Anayechoma sidii na kuziuza sokoni simtetei, alipe. Mwenye sanduku namtaka amtafute mtayarishaji kwanza, amwombe ruhusa, na ampe nakala. Huenda mwenyewe hanayo.