Kidole Kilichojikunja: Sindano Isihukumiwe kwa Takwimu Moja

Ugonjwa wa Dupuytren, unaokunja hasa kidole cha pete na kidole cha mwisho kuelekea kiganjani, hauonekani mara nyingi Kisumu, ijapokuwa wenye kisukari huupata zaidi ya wengine. Kinachokaza si kano, kama wengi wanavyodhani, bali utando ulio chini ya ngozi ya kiganja, ambao hunenepa na kuwa kamba, hata mtu ashindwe kulaza mkono bapa mezani.

Kamba hiyo ikatwe kwa ncha ya sindano, au kiganja kipasuliwe na utando uondolewe? Watetezi wa kisu wana hoja nzito. Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2012, baada ya miaka 5 ugonjwa ulikuwa umewarudia takriban asilimia 85 ya waliotibiwa kwa sindano, na asilimia 21 tu ya waliopasuliwa.

Nimezitafakari sana tarakimu hizo, na naona zimebebeshwa mzigo usio wao. Zinapima kidole kimejikunja tena kwa digrii ngapi. Hazipimi siku za kazi zilizopotea. Mvuvi wa Dunga, Kisumu, akitibiwa kwa sindano hutiwa ganzi kiganjani, hurudi kwake siku hiyo hiyo, na baada ya siku chache aghalabu huweza kushika nyavu. Akipasuliwa, huuguza kidonda kwa wiki kadhaa na kufanya mazoezi ya vidole, huku mtumbwi umekaa ufuoni na karo inadaiwa. Tena sindano hurudiwa bila taabu kubwa, ilhali kupasua upya kiganja chenye makovu huhatarisha zaidi mishipa ya fahamu. Katika utafiti huohuo, ambao hunukuliwa kila mara dhidi ya sindano, wagonjwa wengi walisema wangependelea sindano iwapo ugonjwa ungewarudia. Mbona jambo hili halitajwi pamoja na ile asilimia 85?

Sindano nayo huweza kuchana ngozi au kujeruhi mshipa wa fahamu, na kiungo cha kati cha kidole kikiwa kimekunjika sana, haifui dafu. Kijana ambaye ugonjwa umemwanza mapema ana sababu njema ya kuchagua kisu. Lakini watafiti walewale waligundua kwamba kadiri mtu anavyotibiwa akiwa na umri mkubwa, ndivyo ugonjwa unavyopungua kurudi, na wengi wanaokunjwa vidole na ugonjwa huu wamekwisha kupita miaka 50.